Kibao cha Darasa la Kwanza

Jumatatu, 3 Machi 1975

Nathanael ameondoka na basi la asubuhi kwenda Biharamulo. Mabwana shamba wengi wanapelekwa huko siku hizi, kuwapimia watu mashamba kwenye vijiji vipya. Ameniachia daftari hili. "Andika hasira zako humu," kaniambia, "nikirudi nizikute zimepoa." Mume wangu anadhani hasira zangu ni uji.

Haya, naandika. Masika yameanza leo, nikiwa katikati ya herufi m. Mvua ikipiga mabati ya shule yetu, mwalimu hajisikii hata mwenyewe, sembuse mtoto wa dawati la nyuma. Niliwaambia wanyamaze, watazame ubao tu. Wakanyamaza wote kwa ajili ya mvua. Mmoja tu amekuwa kimya tangu Januari, na huyo ni wangu.

Nimeshaliandika. Kokubanza, binti yangu wa kwanza, ana miaka saba, na mwalimu wake wa darasa la kwanza ni mimi. Tangu wiki ya kwanza ya shule hajatamka neno darasani. Hahesabu, hasomi, hata nikiita majina haitiki. Anayemwitikia ni Jovita anayekaa naye dawati moja. "Yupo, Mwalimu," anasema, kana kwamba mimi sioni.

Na huyo huyo akifika nyumbani anaongea Kihaya mpaka bibi yake anamwomba apumzike kidogo.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Hakuna neno.

Alhamisi, 6 Machi

Mwalimu Mkuu Lwakatare ameniita ofisini. Si mtu mbaya, ila akiogopa huwa anakunja mikono ya shati, na leo aliikunja mpaka kwenye viwiko.

"Mwalimu Adventina, mkaguzi atatoka Muleba mwezi wa tano. Atasimamisha mtoto yeyote amtakaye. Asiyeweza kusoma kwa sauti atarudishwa nyumbani asubiri mwaka mwingine."

"Na akiwa mtoto wa mwalimu?"

"Akiwa wa mwalimu ndiyo aibu yetu sote."

Nimerudi darasani. Najua maana ya kusubiri mwaka mwingine kwa mtoto wa kike hapa kwetu. Anapewa jembe aingie kwenye migomba, mwaka unaofuata ana mdogo wa kubeba, na unaofuata hakuna anayekumbuka kwamba aliwahi kuandikishwa. Wawili wa namna hiyo nimewafundisha mwenyewe, sasa nakutana nao gulioni.

Watu wasije wakasema sijajitahidi. Siku ya kwanza kabisa nilimwambia: ukivuka uzio wa shule mimi si mama yako, mimi ni Mwalimu. Wazazi walikwisha kuanza kunong'ona kwamba mtoto wa mwalimu atadekezwa. Siku ya pili akasahau, akaniita "Maawe!" mbele ya darasa zima, kama anavyoniita nyumbani. Nilimvisha kibao pale pale. Alikuwa mtoto wa kwanza kukivaa mwaka huu, na wazazi wakanyamaza.

Kibao chenyewe ni wazo langu, nimetoka nalo chuoni. Ni kipande cha ubao chenye kamba, kimeandikwa NIMESEMA KILUGHA. Mtoto akisema Kihaya anakivaa mpaka amsikie mwenzake akikisema, ndipo anamvisha. Anayekutwa nacho kengele ya jioni anakwenda nacho nyumbani, na kesho yake asubuhi mwalimu wa zamu anamchapa viboko viwili. Kiswahili cha darasa langu kinasifiwa tarafa nzima.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeamua. Kuanzia leo, nyumbani nako ni Kiswahili tu. Mtoto akizoea kukisema jikoni, darasani kitatoka chenyewe.

Mama mkwe wangu, Ma Kokuberwa, alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua kichwa. "Na mimi, waitu, mwenzenu, nitaongea na nani, na mbuzi?"

Nikamwambia kwa heshima zote kwamba hata yeye anahudhuria kisomo cha watu wazima kila Jumatano, na mwalimu wake ni mimi, basi itamsaidia. Akasema Kiswahili chake kinajua kusalimia na kuuliza bei ya chumvi, na mjukuu wake si chumvi. Tangu niolewe katika nyumba hii yeye anavunja ninachojenga. Mtoto analia, yeye anambeba. Mtoto anakosea, yeye anacheka.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua tangu alfajiri. Mezani Kokubanza ameonyesha chumvi kwa kidole. Nikamwambia, "Sema, naomba chumvi." Akala bila chumvi.

Jumanne, 18 Machi

Georgina, jirani yetu, alikuja kutujulia hali. Kokubanza akamletea kamwani, zile buni za kutafuna tunazomkaribisha nazo mgeni, akapiga magoti vizuri, akanyoosha kikapu kidogo kwa mikono miwili. Salamu haikutoka. Georgina alisubiri na mkono wake hewani. Mtoto anamtazama, mimi namtazama mtoto.

"Mwanao ana kimeo," Georgina akasema alipokuwa anaondoka. "Kimerefuka, kinaziba sauti. Kuna mzee Ayubu kule ng'ambo ya mto, anakata kimeo mara moja, mtoto anapona."

Ma Kokuberwa akatema maganda ya kamwani nje ya mlango, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Jumapili, 30 Machi. Pasaka

Kanisani Kokubanza alisimama wakati wa nyimbo na mdomo wake umefungwa. Mwaka jana aliimba mpaka mchungaji akatabasamu. Nimeomba nisichokijua.

Jumanne, 1 Aprili

Bukoba. Tumelala kwa dada yangu Buhembe, na leo asubuhi tumekwenda kwa daktari. Alimwangalia masikio, akambonyeza shingo, akaangaza tochi kooni. "Mtoto mzima kabisa, mama." Mwingine angefurahi. Mimi nimetoka pale nimechoka kuliko nilivyoingia, maana ugonjwa una dawa yake. Mtoto mzima asiyesema unampa nini?

Tena kuna jambo. Jana jioni, kabla ya kula, nilimsikia nyuma ya nyumba na watoto wa dada. Sauti yake! Alikuwa anawapangia mchezo kwa Kihaya, wewe kaa hapa, wewe ni ng'ombe. Nikazunguka haraka kwa furaha. Aliponiona akaacha katikati ya neno. Ng'ombe na wengine wote wakabaki wanamsubiri.

Nimekaa kwenye basi njia nzima naye amenilalia mapajani. Nilikuwa nasema moyoni, si mimi, ni uchovu, ni ugeni.

Jumatano, 9 Aprili

Leo nimeharibu.

Kisomo cha watu wazima kinafanyika darasani mwangu, watoto wakishaondoka. Madawati ni yale yale, ubao ule ule. Wazee wanaingia na mvua yao, wanakung'uta majani ya mgomba waliyojifunikia, wanacheka, wanaulizana kwa Kihaya hii ni be au bo. Huko hakuna kibao. Nani atamvisha mzee kibao?

Kokubanza hubaki na bibi yake mpaka tumalize. Leo nilitoka kwenda kutafuta chaki ofisini, na niliporudi, nikiwa bado mlangoni, nikasikia kitu. Ma Kokuberwa alikuwa ameshika penseli kama anavyoshika kisu cha kumenyea, na Kokubanza amemshika mkono juu yake. "Hii ni ba, bibi. Hii ni bu. Bu-ni. Buni. Umeona? Umeandika buni!" Kwa sauti kamili. Anasoma! Mwanangu anasoma maneno ambayo sijawafundisha wenzake.

Ningegeuka nirudi ofisini. Ningekaa pale nje nilowe. Mimi nikaingia mbio, nikamshika mkono, nikampeleka mbele ya wazee wote. "Sikilizeni! Kokubanza anajua kusoma! Soma, mwanangu. Soma neno hili. Fungua mdomo. Fungua mdomo, usome!"

Akatazama chini. Nikarudia. Wazee wakaanza kumpigia makofi ya kumtia moyo, na kila kofi lilikuwa linamfunga zaidi. Nikapaza sauti. Nikapiga meza kwa fimbo ya kuonyeshea ubao. Maji yakamshuka miguuni, pale mbele, kwenye sakafu aliyoifagia mwenyewe asubuhi.

Ma Kokuberwa akainuka, akavua kitenge chake cha mabegani, akamfunga mtoto, akatoka naye kwenye mvua. Hakuniaga.

Alhamisi, 10 Aprili

Hasemi hata na bibi yake.

Jumatatu, 14 Aprili

Hasemi. Mvua haikatiki. Jovita ameniuliza, "Mwalimu, Kokubanza ameishiwa maneno?" Nilimwambia akae chini.

Jumamosi, 19 Aprili

Niandike kama ilivyokuwa, hata kama Nathanael atalisoma.

Asubuhi nilimvisha Kokubanza gauni la kanisani nikamwambia tunakwenda kutembea. Ma Kokuberwa alikuwa kibanjani anatupa majani kwenye mashina ya migomba. Nilipita upande wa pili asituone. Mwalimu mwenye cheti, mtu aliyesikia daktari wa Bukoba kwa masikio yake mawili, naruka matope kama mwizi kwenda kwa mkata kimeo! Sikuwa mjinga. Nilijua. Ila wiki zilikuwa zinakwisha, mkaguzi anakuja, na nilitaka mtu aniambie tatizo liko hapa, limeonekana, limekatwa.

Mzee Ayubu ni mpole. Alitukaribisha, akatandika gunia karibu na mlango penye mwanga. Ana waya mwembamba wenye kitanzi na kijiko cha kukandamizia ulimi. Akauliza mtoto amekula? Nikasema hajala. Akasema vizuri.

"Mkalishe mapajani, mama. Mshike mikono. Watoto wanapigana."

Nikamkalisha. Nikamshika. Nikasema lile neno langu la kila siku, "Fungua mdomo."

Akafungua.

Hakupigana, hakulia. Alifungua mdomo wake mpaka mwisho, akageuza shingo anitazame kama nimeridhika. Niliona meno mapya mawili ya mbele ambayo sikuwa na habari nayo. Lini yameota? Niko naye asubuhi mpaka jioni, shuleni na nyumbani.

Miezi yote hii nilikuwa namwita mkaidi. Mkaidi haachi waya uingie kooni kwa sababu ameambiwa. Mtoto huyu alikuwa ananitii. Nilikiambia kinywa chake kikivuka uzio kisiseme kama cha nyumbani, kikaacha kusema. Nikaiambia nyumba nayo iwe shule, ikawa shule.

Nilimwambia mzee Ayubu tutarudi siku nyingine. Akaninyooshea kidole, "Ukimwacha atakuwa bubu." Neno hilo bado nalisikia. Nimerudi nimembeba mgongoni, mtoto wa miaka saba, miguu yake inanipiga mapajani.

Ma Kokuberwa alikuwa amesimama mwisho wa kibanja, amejifunika jani, amelowa. Nani alimwambia sijui.

"Umemkata?"

"Hapana, mama."

Akanipokea mzigo. Nilisubiri matusi na nilikuwa tayari kuyapokea. Alimkausha mtoto, akampa uji, akamlaza, ndipo akaja kukaa nami mekoni.

"Mwanangu, huyu hana kitu kooni. Anakuogopa."

"Mimi ni mama yake!"

"Hata mimi nakuogopa. Kwenye kisomo ukisimama nyuma yangu, herufi zote zinakimbia. Ukigeukia ubao zinarudi."

Nikacheka, kisha nikalia, na yeye akaendelea kuchochea moto kama mtu ambaye hajasema kitu.

Jumatatu, 21 Aprili

Nyumbani tumerudi kwenye Kihaya. Nilimsalimia Kokubanza asubuhi kwa Kihaya, nikamwambia asinijibu kama hataki. Hakujibu. Darasani nikiita majina nilimruka, nikamwekea alama ya kuhudhuria. Jovita akanitazama kwa mashaka.

Jumatano, 23 Aprili

Kisomo. Nimeandika ubaoni bila kugeuka. Hakuna sauti.

Jumatatu, 28 Aprili

Lwakatare kanikumbusha mkaguzi. Alikuwa amekunja shati. Nimekosa usingizi. Je, kama mzee Ayubu alisema kweli?

Jumatano, 30 Aprili

Kisomo. Nimegeukia ubao naandika polepole, "Tunalima migomba na kahawa." Nyuma yangu, chini ya kelele za wazee, kitu kidogo: "Hapana bibi, hiyo ni ka."

Chaki ilinivunjikia. Sikugeuka. Nimeongeza sentensi nyingine, na nyingine, mpaka ubao umejaa na mzee mmoja kauliza kama leo tunaandika Agano Jipya.

Jumanne, 6 Mei

Kokubanza kaomba chumvi. Kwa Kihaya, kwa bibi yake, lakini mimi nikiwa pale pale mezani. Nimeinama kwenye sahani yangu kama mtu anayetafuta sindano.

Jumanne, 13 Mei

Darasani bado. Nilijaribu kugeukia ubao asubuhi pia, watoto wakapata nafasi ya kurushiana maharage. Ninachokipata Jumatano, asubuhi sikipati.

Jumapili, 18 Mei

Mkaguzi ni Jumatano. Kama ningeweza kuugua siku hiyo, ningeugua.

Jumatano, 21 Mei

Mvua ilianza usiku. Mkaguzi tulimtegemea asubuhi. Tukakaa. Watoto wamenyooshewa nguo, Lwakatare anakwenda barabarani na kurudi. Saa sita hakuna mtu. Saa nane habari ikaja na mpita njia kwamba Landrova imezama matopeni karibu na daraja, wanaisukuma. Lwakatare akakataza kengele isigongwe, hakuna mtoto kutoka. Akawaruhusu waseme lugha waitakayo mpaka mkaguzi afike, na kibao, ambacho Jovita alikuwa nacho tangu asubuhi, kikaendelea kukaa shingoni mwake.

Alifika karibu na saa kumi, kijana, suruali imejaa tope hadi magotini, hana uchangamfu. Akachukua orodha yangu ya majina. Kidole chake kikashuka, kikashuka, nikajua kitasimama wapi kabla hakijasimama.

"Kokubanza Nathanael. Chukua kitabu. Soma."

Akasimama. Kitabu kilifunguka. Mvua inapiga mabati. Mkaguzi akasubiri, akatazama saa, akarudia. Kokubanza alinitazama mimi. Mdomo wake ulikuwa umefunguka tayari, kama siku ile juu ya gunia, na hakuna kilichokuwa kinatoka.

"Huyu ana shida gani?" mkaguzi akauliza, kalamu mkononi.

Wakati huo wazee wa kisomo walikuwa wamejaa mlangoni, maana ni Jumatano na saa yao imefika, na hakuna aliyewaambia wasije. Ma Kokuberwa akaingia. Hakumwomba ruhusa mkaguzi, nadhani hakujua kwamba yule mwenye tope ndiye mkubwa. Akakung'uta jani lake, akaenda kwenye dawati lake la siku zote, akamsogeza Jovita kwa kiuno, akakaa. Akaweka kidole juu ya kitabu.

"Haya waitu, tusome. Hii ni nini?"

Lwakatare alifungua mdomo kumzuia. Mimi nikamgeuzia mgongo mkaguzi wa elimu, nikachukua chaki, nikaanza kuandika tarehe ubaoni. Sijui nilikuwa na wazimu gani. Nilisikia mkaguzi akisema "Mwalimu?" nikaendelea kuandika.

Nyuma yangu sauti ya bibi ikaanza, nzito, inajikwaa. "Wa-na. Wana-ki..." Na nyingine ikaingia chini yake. "Wanakijiji. Wanakijiji wa-na-chimba." Zikaenda pamoja mstari mzima. Halafu bibi akanyamaza, na ile nyingine haikunyamaza. Ilisoma peke yake mpaka mwisho wa ukurasa, kwa Kiswahili kisafi, juu ya mvua. Nilikuwa nimeandika mwezi wa Mei mara tatu.

"Vizuri," akasema mkaguzi. "Anaendelea na shule." Nikasikia kalamu yake.

Ndipo, kwa nguvu zote, mbele ya mkaguzi na Lwakatare na wazee na darasa:

"Maawe! Umesikia?"

"Kibao!" darasa likalipuka. "Kibao, Mwalimu! Kasema kilugha!"

Nikageuka. Alikuwa ameganda, mkono mmoja tayari shingoni mahali kamba inapokaa. Alikuwa anarudi kule kule, nilimwona anakwenda. Nikamjibu upesi, kwa Kihaya cha mama yangu, kwamba nimesikia, nimesikia kila neno, na kwamba mimi ni mama yake hapa, na nje, na popote.

Watoto wakatazamana, wanapiga hesabu ya sheria. Jovita ndiye aliyeitatua. Alivua kibao, akaja nacho mbele, akasema kwa sauti ya hakimu, "Kokubanza kasema kwanza, lakini Mwalimu kasema mwisho." Nikainamisha kichwa akanivisha. Lwakatare alikuwa na kikohozi kikali ghafla, akatoka nje, na ndipo kengele ikagongwa.

Sasa niko nyumbani na kibao bado kiko shingoni, kwa sababu Kokubanza amekataa nisikivue. Sheria ni sheria, anasema. Anaongea tangu shuleni. Ameongea njiani, ameongea kwenye sahani, bibi yake amemwomba apumzike. Sasa amekaa hapa pembeni ya daftari anahesabu.

"Maawe, mwenye kibao kesho asubuhi anachapwa?"

"Anachapwa."

"Na mwalimu wa zamu wiki hii ni nani?"

"Ni mimi."

Amegusa kamba ya kibao.

"Sasa nani atakuchapa?"

Nimemwambia sijui. Nimemwomba aulize tena kesho, darasani.